Aya ya Ishirini na Tatu

Jumatatu, 15 Septemba
Maoni ya awali ya Bodi ya Rufaa yamefika leo asubuhi. Kurasa kumi na nne, na nimezisoma zote nimesimama. Wanasema, kwa lugha yao ile ya adabu inayommaliza mtu bila hata kumkunja shati, kwamba hataza ya mteja wangu Roswitha Angerer, yaani hati inayolinda uvumbuzi wake, huenda ikafutwa. Sababu ni maneno mawili tu: wakati halisi.

Kazini, kama wakili wa hataza, natakiwa kueleza mambo haya kwa upole, basi hapa nitaeleza kwa hasira. Roswitha ana kampuni ya watu kumi na mmoja huko Immenstadt. Wameandika programu ya vibanda vya kebo vinavyopandisha watu milimani. Upepo ukipiga ghafla kwenye mnara wa juu, kipimo kinatuma ujumbe "kwa wakati halisi", na kebo inapunguza mwendo kabla vibanda havijaanza kubembea. Kwa mhandisi, wakati halisi ni ahadi: ujumbe utafika kabla ya muda uliowekwa kwisha, kila mara, iwe mvua iwe jua. Kwa mpita njia ni "chapuchapu" tu. Wapinzani wetu waliokata rufaa, kampuni kubwa ya Graz, wamefukua hati ya zamani ya Turin iliyokuwa ikituma habari za upepo chapuchapu. Kama maana ni chapuchapu, Waitaliano walitangulia, hataza inakufa, na Graz watauza kazi ya Roswitha katika kila bonde kuanzia hapa hadi Slovenia. Kampuni ya watu kumi na mmoja haiwezi kushindana na hilo. Kama maana ni ahadi, tumepona.

Na maana ilikuwepo! Ombi lilipopelekwa, aya ya 23 ya maelezo ilisema waziwazi neno lile lina maana gani. Katika hataza iliyotolewa, aya ya 23 haipo. Imefutwa. Na barua iliyopeleka ufutaji huo, miaka kumi na moja iliyopita, ina jina la Dkt. Wendelin Ströbele, mshirika wangu wa zamani, anayekula pensheni yake Tutzing na kulisha bata.

Jumanne, 23 Septemba
Sherehe za bia za kila mwaka zimeanza mjini. Treni nzima imejaa wanaume wenye kaptura za ngozi wanaoimba saa nne asubuhi. Mmoja alinimwagia viatu akasema "Samahani, bibi." Bibi!

Alhamisi, 2 Oktoba
Nimesoma hoja za Tessenow, wakili wa Graz. Falk Tessenow ni mtu anayevaa tai yenye samaki wadogo na kuchekea ndani ya pua. Ameandika hivi: "Mwenye hataza aliifuta aya ya 23 kwa mkono wake mwenyewe. Mtu hafuti maana ila ameikataa." Nimeirusha karatasi. Traudl, katibu wetu, akaiokota, akainyoosha, akairudisha mezani.

"Dokta, hiyo ni nakala ya pili. Ukiirusha ya tatu, uniambie kwanza nifungue dirisha."

Kinachoniuma ni kwamba yule bwege ana hoja. Kila mmoja wetu katika kazi hii anaijua desturi hii na kila mmoja anaifanya vibaya. Kabla hataza haijatolewa, mkaguzi wa ofisi ya hataza anataka maelezo yapunguzwe yalingane na madai, yaani orodha ya kile kinacholindwa. Wakili amechoka, likizo iko kesho, anachukua kalamu nyekundu na kukata aya nzimanzima ili mkaguzi aridhike na kila mtu aende zake. Hakuna anayesoma anachokikata. Miaka inapita, halafu siku moja aya iliyokatwa ndiyo pekee ingekuokoa.

Jumanne, 7 Oktoba
Nimekwenda Tutzing. Upepo wa moto wa milimani, ule unaoumiza watu vichwa, ulikuwa unashuka, milima inaonekana karibu hadi inachukiza, na kichwa kilikuwa kinanigonga tangu stesheni.

Ströbele alinifungulia mwenyewe, na fimbo yake. Ana miaka sabini na tisa. Mezani palikuwa na keki ya plamu.

"Gundula! Karibu, karibu. Mbona uso umeukunja, nani kakukanyaga?"

"Wewe."

"Mimi? Kwa mguu upi? Wote mbovu."

"Aya ya ishirini na tatu, Wendelin. Hataza ya Angerer. Nani alikutuma uifute?"

Alikata kipande cha keki, akakiweka kwenye sahani yangu, akalamba kisu. "Aya ya ngapi?"

"Usinichezee. Barua ina jina lako."

"Kama ina jina langu," akasema, "basi nimeifuta mimi."

"Ndiyo hivyo tu? Watu kumi na mmoja wanakaribia kukosa kazi, na wewe ndiyo hivyo tu?"

"Unataka nipige magoti? Nyonga hii ni ya chuma, haikunjiki."

Nikamwambia yote. Kwamba amezeeka akiwa hodari wa kusimulia kesi alizoshinda na fundi wa kusahau alizoharibu. Kwamba mimi ndiye ninayefagia nyuma yake. Kwamba jina lake bado liko mlangoni kwetu na nitalibandua kwa kisu. Alisikiliza akitazama ziwa. Hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo lilinipandisha mori zaidi. Nikaondoka bila kugusa keki.

Jumatano, 8 Oktoba
Sijuti.

Jumatano, 15 Oktoba
Roswitha alipiga simu kuuliza tumefikia wapi. Nikamweleza kuhusu aya ya 23. Akauliza nani. Nikamtaja Ströbele. Kwa nini nimfiche? Mteja ana haki ya kujua.

"Huyo mzee bado yuko hai?" akauliza.

"Yuko hai, analisha bata."

"Basi nitamwandikia."

Sikumzuia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mvua. Nimeiandikia Bodi kuomba Roswitha aruhusiwe kusema siku ya kesi kama mtaalamu, maana wanataka taarifa mapema, ukichelewa wanakufungia mlango. Roswitha anasema barua kwa Ströbele ameshaituma. "Matusi hayamo," akasema, "lakini atayaona."

Jumapili, 26 Oktoba
Saa zimerudishwa nyuma kwa majira ya baridi. Saa moja zaidi ya kuwa na hasira.

Jumanne, 11 Novemba
Nimeandika kurasa thelathini na moja kuonyesha kwamba mhandisi yeyote wa kebo anajua wakati halisi ni nini. Vitabu vitatu vya kiada, viwango viwili, kamusi moja. Tessenow ataleta kamusi yake. Kamusi kwa kamusi tutapigana kama watoto kwa mito.

Ijumaa, 14 Novemba
Natamani ukurasa huu nisiuandike.

Traudl aliingia baada ya chakula cha mchana. "Dokta, umeliona lile faili la karatasi? La chini, stoo?"

"Lililo kwenye kompyuta linanitosha."

"La kompyuta lina barua tu. La chini lina rasimu." Akaliweka mezani, vumbi likaruka. "Nilidhani utataka kumwona mzee akiharibu kwa macho yako."

Nilitaka. Haki ya Mungu nilitaka. Nikalifungua kwa raha kabisa. Rasimu ya maelezo, kurasa kumi na tisa, mistari myekundu imepita juu ya aya ya 21, ya 22, ya 23, yote kwa mkato mmoja wa rula. Aya mbili za kwanza zilistahili kufutwa, zilihusu mfano tuliouacha. Ya tatu ilikuwa imepakana nazo tu. Pembeni, kwa penseli: tarehe 18 Julai, na herufi mbili. Hazikuwa W.S. Zilikuwa G.R.

Gundula Reisacher. Mimi.

Traudl alikuwa bado amesimama. Nikasema, "Inawezekana alinituma niweke herufi tu." Hata sauti yangu haikuniamini.

"Mkono huo naujua," akasema Traudl. "Nimeusoma miaka ishirini na miwili. Na wiki ile mzee hakuwepo. Alikuwa hospitali anawekewa nyonga. Ulishika kazi zake zote, ukasaini kwa niaba yake. Halafu ukaenda Sardinia."

Nakumbuka Sardinia. Nakumbuka hoteli, nakumbuka na rangi ya taulo. Aya ya 23 siikumbuki hata kidogo, kwa sababu sikuisoma. Nilivuta rula nikawahi ndege. Nyani haoni kundule, na nyani mwenyewe alikwenda hadi Tutzing kumtukana mzee mezani kwake.

"Ulijua?" nikamuuliza Traudl.

"Nilihisi."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa unarusha karatasi."

Jumamosi, 15 Novemba
Nimesafisha jiko lote. Nimevunja bakuli moja, si kwa bahati mbaya.

Jumanne, 18 Novemba
Inabidi nimwambie Roswitha. Sheria za kazi yetu zinasema hivyo, na hata bila sheria. Lakini kesi ni tarehe nne. Nikimwambia sasa ataanza kutafuta wakili mwingine, na hakuna wakili duniani atakayezijua kurasa mia nne za faili hili kwa siku kumi na sita. Kwa hiyo kunyamaza ni kwa faida yake. Nimeyasoma tena niliyoandika sasa hivi na nimejichukia. Ni hoja nzuri sana, na ningeisikia kwa Tessenow ningemzomea.

Nitamwambia baada ya kesi.

Jumatatu, 24 Novemba
Immenstadt, kujiandaa. Theluji ya kwanza. Roswitha ana mikono mikubwa na nywele alizojikata mwenyewe, na huzungumza huku akitengeneza kitu. Alinipa supu ya maini aliyopika mwenyewe. Wafanyakazi wake walipita mmoja mmoja kunisalimu, wote kumi, kama watu wanaokwenda kumwangalia daktari atakayempasua mama yao.

"Wakiuliza kwa nini ilifutwa, tunasema nini?" akauliza.

"Hawatauliza. Bodi inasoma kilichopo."

"Lakini wakiuliza? Tutasema yule mzee alilala usingizi?"

"Niachie mimi."

"Nimekuachia," akasema, akaniongezea supu. Niliimaliza.

Alhamisi, 4 Desemba
Nitayaandika yote kama yalivyokuwa.

Tuliingia saa tatu. Bodi ya watu watatu, mwenyekiti Bi Verhaeghe, mwanamke mwembamba mwenye miwani mbili, moja usoni na moja kichwani. Tessenow na tai yake ya samaki, na mabwana wawili wa Graz waliokuwa wakitafuna peremende. Upande wetu mimi na Roswitha.

Tessenow alisema kwa dakika arobaini. Hakuongeza chochote isipokuwa sauti. Mwisho akageuka kunitazama. "Waheshimiwa, mtu akitupa mwavuli wake mtoni kwa hiari, asije kwetu kulia kwamba amelowa." Mabwana wa Graz wakacheka, peremende mdomoni.

Kisha Roswitha akasimama. Hakuwa na karatasi. "Mimi sijui sheria," akasema. "Ila nitawaambia kitu kimoja. Kibanda kina watu wanane. Upepo wa kilomita tisini kwa saa ukikipiga kando, mimi sihitaji kuambiwa haraka. Nahitaji kuambiwa kabla. Fundi wangu akiniambia 'wakati halisi' akimaanisha haraka, namfukuza siku hiyohiyo. Nimeshamfukuza mmoja." Mjumbe wa ufundi, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliandika kitu, akapigia mstari. Nilidhani tumemaliza. Nilianza kupumua.

Ndipo Bi Verhaeghe akashusha ile miwani ya kichwani. "Dkt. Reisacher, Bodi ina swali. Aya ya 23 ilifutwa na mwenye hataza mwenyewe. Tungependa kusikia, kwa nini?"

Katika miaka ishirini na sita sijawahi kuulizwa swali hilo na Bodi yoyote. Roswitha alinitazama kwa uso ulioridhika kabisa, maana alikuwa ameniachia.

Nikasimama. Na jibu likatoka, laini, limepigwa pasi, kana kwamba limekuwa likingoja siku nyingi: "Mheshimiwa mwenyekiti, aya hiyo ilifutwa kwa kuwa haikuhitajika. Ilirudia tu kile ambacho kila mhandisi wa fani hii anakijua tayari. Mkaguzi alitaka maelezo mafupi, nasi tulizingatia tukaona kwamba kinachojulikana na wote hakina haja ya kuandikwa. Kufutwa kwake si kuikataa maana. Ni ushahidi kwamba maana hiyo haikuwa na shaka."

Tulizingatia! Rula, kalamu, na tiketi ya ndege!

Tessenow alipekua karatasi zake hadi mwisho. Hazikumsaidia, kwa sababu lilikuwa jibu zuri kuliko mwavuli wake. Wakatutoa nje wakajadiliana. Kahawa ya mashine, Roswitha akitembea kutoka dirisha hadi dirisha. Baada ya saa moja na nusu tukaitwa, na Bi Verhaeghe akasoma bila kuinua macho: rufaa ya Graz imekataliwa, hataza inabaki kama ilivyotolewa. Sababu zitatolewa kwa maandishi.

Roswitha alinikumbatia hadi mifupa ikalia. "Kumbe ilikuwa na sababu!" akasema. "Na wewe muda wote ukimsingizia mzee wa watu. Mbona hukuniambia?"

Nikasema nimechoka. Nikapanda treni. Nina hasira na Bi Verhaeghe kwa kuuliza, na Tessenow kwa kukosa jibu, na Roswitha kwa kunikumbatia. Mimi najiweka mwisho wa orodha kwa makusudi, na najua ninachofanya.

Jumatatu, 8 Desemba
Tutzing tena. Mvua ya theluji. Sikukaa.

"Ilikuwa mimi," nikasema mlangoni. "Aya ile niliifuta mimi, si wewe."

"Najua," akasema Ströbele. "Ingia, baridi inaingia nayo."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu uliponitajia. Julai ile nilikuwa nimelala na nyonga mpya nikijisaidia kwenye beseni. Nani mwingine angeifuta, Traudl?"

"Na ukakaa kimya? Ukaacha nikutukane mezani kwako?"

Alijishusha kitini polepole. Barua ya Roswitha ilikuwa mezani, imekunjuliwa, chini ya miwani yake. "Ulikuja unawaka, Gundula. Nikasema moyoni, mwache awake. Mtu akimwakia mwingine, anapigana. Akijiwakia mwenyewe, anajifunika blanketi. Nimefanya kazi na wewe miaka kumi na tisa, nakujua."

"Hukuwa na haki ya kuniamulia."

"Sikuwa nayo. Lakini umeshinda."

"Nimeshinda kwa uongo!"

"Nani kakwambia? Sababu hawajaandika bado." Akaigusa ile barua kwa kidole. "Anaandika vizuri, yule mama. Mstari wa tatu niliusoma mara mbili."

Nilimwomba radhi. Nilimwomba kwa hasira, nikipiga meza, sijui kuomba kwa namna nyingine. Akasema amepokea. Nilimkasirikia zaidi kwa kupokea haraka hivyo.

Jumatano, 10 Desemba
Nimempigia Roswitha saa mbili na nusu asubuhi, kabla sijanywa chochote, ili nisipate nafasi ya kutunga.

"Bi Angerer, aya ya ishirini na tatu niliifuta mimi. Si Ströbele. Na sikuifuta kwa sababu niliyoiambia Bodi. Niliifuta kwa kuwa sikuisoma."

Nyuma yake mtu alikuwa anapiga nyundo. Akamwambia anyamaze.

"Ulijua lini?"

"Tarehe kumi na nne Novemba."

"Kwa hiyo siku ile umekuja hapa, umekula supu yangu, ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Na yule mzee nilikuwa nimeshamwandikia."

"Ndiyo. Na hakukataa."

Nilitamani apige kelele, ningejua namna ya kujibu kelele.

"Kufuta ningekusamehe," akasema. "Mimi nimewahi kufuta programu nzima kwa kidole kimoja, tukakaa siku nne tunaiandika upya. Lakini umeniacha nimtukane mzee asiye na kosa, halafu ukaniacha nikukumbatie. Nitumie mafaili yangu, Dokta. Yote."

Ijumaa, 12 Desemba
Mafaili yameondoka saa nne. Rasimu yenye herufi zangu niliiweka juu kabisa. Traudl alilifunga boksi kwa utepe mara tatu, na kwa Traudl hilo ni hotuba.

Jumatano, 24 Desemba
Mkesha wa Krismasi. Hakuna la kuandika.

Alhamisi, 29 Januari
Uamuzi wenye sababu umetolewa. Sikuletewa, kesi si yangu tena. Nimeusoma kwenye mtandao, kama mtu yeyote.

Niliruka hadi sehemu ya tatu, ya maana ya maneno. Wametaja kitabu cha kiada kimoja kati ya vitatu nilivyoleta. Wameyataja maneno ya Bi Angerer kuhusu kuambiwa kabla, kwa urefu, na kwa heshima ambayo Bodi haina kawaida ya kuionyesha. Fundi wa kebo, wanasema, analijua neno hilo bila kuambiwa na mtu. Kisha aya ya 3.4, mistari miwili: mwenye hataza alieleza mbele ya Bodi sababu za kufutwa kwa aya ya 23. Sababu hizo, ziwe zipi, hazina uzito katika uamuzi huu na Bodi haikuzizingatia.

Nimeisoma mara nne. Hata ningesema kweli siku ile, kwamba nilivuta rula nikawahi ndege, Roswitha angeshinda vilevile, akiwa bado na wakili wake.